Asante kwa Manila: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

MINT: SHUKRANI ZA MWENYE DUKA, KIAMUNYI

Mheshimiwa,

Najua barua nyingi zinazofika mezani pako ni za malalamiko. Wazazi wananung'unika, vyama vya walimu vinatangaza mgomo, maaskofu wanatoa taarifa. Hii si ya namna hiyo. Mimi nina duka la vifaa vya shule lenye saiba ndani yake hapa Kiamunyi, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldama Ravine, na nimeketi kuandika ili nishukuru. Simjui mwananchi aliyefaidika na mageuzi ya elimu kunishinda, ukiondoa labda yule anayeniuzia karatasi za manila kwa jumla.

Mwanzo wa shukrani hizi ulikuwa msiba. Januari 2018 serikali ilianza kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, kila mwanafunzi apate chake. Kwa watoto lilikuwa jambo jema. Kwetu sisi wauza vitabu, Januari, mwezi tuliokuwa tukiungoja mwaka mzima, ilipita rafu zikiwa zimejaa. Wenzangu wakageukia M-Pesa na vipuri vya pikipiki. Mimi nikavumilia. Januari 2019 mkatuletea mtaala wa umilisi na utendaji, huu ambao kila mtu anauita CBC, ukaanza nchi nzima kwa watoto wadogo hadi gredi ya 3, kisha ukawa unapanda nao. Tangu hapo, wakati shule zimefunguliwa, mlango wangu haufungwi kabla ya saa nne usiku.

Maafisa wako hukagua shule kwa ratiba. Mimi sihitaji kutoka nyuma ya kaunta ili nijue gredi ya 4 imefika wapi. Jumatatu pananyamaza: asubuhi kuna gwaride, bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa, na watoto wanakumbushwa kung'arisha viatu, agizo ambalo huku kwetu kiangazi hutimizwa kwa muda wa kama dakika kumi. Jumanne ujumbe unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Jumatano jioni foleni inafika barabarani.

Ungeiona foleni hiyo, Mheshimiwa. Mama mboga anakuja na aproni yake, ameacha sukuma wiki chini ya uangalizi wa jirani. Kijana wa boda boda hazimi hata pikipiki, ananyoosha simu na kuuliza, "Bosi, hapa mwalimu anataka nini?" Yaya ametumwa na noti ya mia mbili na maagizo yasiyoeleweka. Kuna shosho anayelea wajukuu baada ya watoto wake kwenda kutafuta kazi Nairobi. Huyo hufungua fundo la leso, akahesabu sarafu zake, kisha akaniuliza kama picha ya simba ikichapishwa ndogo bei itapungua. Wanaoishi kwenye majumba yenye kuta na mageti siwaoni sana. Wana printa nyumbani. Huja mara moja moja, wino ukiwaishia, na husimama kwenye foleni kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Wazee waliosoma zamani hunichekesha wakiwa hapo. Wanasema hawashangai, kwani hata 8-4-4 ilipoingia mwaka 1985 ilikuja na kazi za mikono, shule zikaambiwa zijenge karakana kwa harambee, na mwiko na ufagio ambao mtoto alitakiwa atengeneze vikanunuliwa sokoni, mwalimu akavitia alama. Tofauti, wanasema, ni kwamba mwiko ulirudi nyumbani ukasonga ugali. Manila hairudi.

Nieleze wiki moja ili uone jinsi biashara inavyokwenda. Kazi ilikuwa vivutio vya kaunti yetu, na picha ziwe za rangi. Nilichapa flamingo mpaka wino mwekundu ukakauka. Zilikuwa picha nzuri ajabu, Ziwa Nakuru limefunikwa waridi ukingo hadi ukingo, zilizopigwa miaka mingi kabla ya wateja wangu wadogo kuzaliwa. Ziwa lenyewe liko hapo ng'ambo ya mji. Tangu takriban mwaka 2010 maji yake yamekuwa yakipanda. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa, migunga ikafa imesimama majini, na chumvi ya ziwa ilipozimuliwa, mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, nao wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mtoto aliye na jamaa Mwariki hahitaji kusoma haya popote, maana huko maji yaliingia hadi majumbani.

Msichana mmoja wa gredi ya 4 aliikataa picha yangu. Alinunua karatasi tupu akachora kwa penseli palepale kwenye benchi: nyumba iliyozama hadi madirishani, miti mikavu, na mwari mmoja juu ya mlingoti wa stima. Nikamuuliza flamingo wako wapi. "Walihama, anko," akasema, kwa sauti ya kumwelewesha mtu asiyetoka hapa. Kazi yake ilirudi na alama ya kukaribia matarajio. Mwenzake aliyenunua ziwa la waridi kwa shilingi 50 alizidi matarajio. Sikulalamika, nami ninalipa kodi ya duka kama watu wengine.

Muhula uliofuata ikawa zamu ya volkano. Shule ziko mgongoni mwa Menengai, kasoko yenye upana wa karibu kilomita 12, ambamo mvuke wa ardhini sasa unazalisha umeme. Ukiinua macho kutoka uwanja wa gwaride unaona ukingo wake. Lakini basi la kuwapeleka watoto linahitaji mafuta, na mafuta hayapatikani kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa hiyo volkano ilitengenezwa kwa magazeti, gundi, magadi na siki, vitu ambavyo kwa bahati njema ninavyo vyote. Zikalipuka sebuleni kote Kiamunyi usiku mmoja. Waliozilipua walikuwa akina baba, wamepiga magoti sakafuni, na watoto wamelala.

Kuna hesabu ndogo ambayo wateja hunifanyisha. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Elimu ilipofanywa bure mwaka 2003 ulikuwa 1,020. Majuma ya masomo kwa mwaka hayafiki 40, basi gawanya: inabaki kama shilingi 36 au 37 kwa wiki. Hapo ndani mna chaki, umeme, maji, karatasi za mtihani na ukarabati wa choo. Dukani kwangu fedha hizo ni manila moja na penseli. Isitoshe, mgao hautoki mara moja, huja kwa mafungu, nayo mafungu yana desturi ya kufika shule inapojiandaa kufunga. Katikati ya fungu linalongojwa na manila inayotakiwa kesho asubuhi, ndipo duka langu lilipo. Sikupachagua mimi, Mheshimiwa. Ni Wizara iliyonipatia kiwanja.

Mara mbili nimeogopa kweli. Kwanza Septemba 2021, wakili Esther Ang'awa alipokwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala huu, akisema mambo ambayo nayasikia kila Jumatano nikikata risiti. Nadhani niliifuata kesi hiyo kwa makini kuliko mawakili wa serikali. Mara ya pili ni jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu lilipotoa ripoti yake mwaka 2023, na masomo ya gredi ya 4 hadi 6 yakapunguzwa kutoka 12 hadi 8. Manne kwa mpigo! Nilisitisha oda ya mashine ya lamineti. Kumbe hofu bure, kwani masomo mengine yaliunganishwa tu, sayansi kimu ikahamia kwa kilimo na mizigo yake yote, na kilimo bado kinataka sanamu ya kutisha ndege.

Kuhusu sanamu hiyo, nakuomba ukumbuke jirani yangu seremala. Mlipotangaza utaratibu wa mtihani wa kwanza wa gredi ya 6, KPSEA ya mwaka 2022, mlisema kazi za shuleni za gredi ya 4, 5 na 6 zitachukua asilimia 60 na mtihani wenyewe asilimia 40. Nia ilikuwa nzuri: mtoto asihukumiwe kwa siku tatu za Novemba. Lakini mzazi akisikia asilimia 60 hangoji mtoto ajikate kidole na msumeno. Anamtafuta fundi. Huyu wetu sasa ana bei mbili za sanamu, ya kawaida na ya kuzidi matarajio. Ya pili ina kofia. Amefanya miradi ya watoto wengi wa mtaa huu na hajapata hata cheti cha kushiriki. Baraza la Mitihani lingemfikiria.

Ijumaa alasiri ni zamu ya walimu, na hapa nitapunguza mzaha, kwa kuwa hawa wananitia huruma hata ninapowatoza. Kuna mwalimu mwenye watoto zaidi ya sitini darasani. Anatakiwa awe na ushahidi wa kila mmoja: akifagia, akipanda mboga, akifua soksi. Hupiga picha kwa simu yake, kwa bando alilojinunulia, kisha huja kwangu kuingiza alama kwenye tovuti ya Baraza, ambayo hukwama jioni kwa sababu walimu wa nchi nzima wako humo. Hungoja hadi usiku akinywa chai yangu. Siku moja nilimuuliza wiki hiyo alifundisha nini. Akafikiri. "Alhamisi yote nilikuwa napiga picha," akasema, akabonyeza tena.

Tarakilishi? Mwaka 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia mwaka 2016 zikaja tabuleti, na katika shule nyingi zimetunzwa vizuri sana, kabatini, nyuma ya mlango wa chuma, wezi wasizipate. Wanafunzi nao hawajazipata. Siku zitakapotolewa zikiwa na chaji, nitapoteza nusu ya wateja, kwa hiyo namshukuru pia aliyeweka kufuli.

Ninachoomba ni kidogo. Mgao uendelee kuchelewa. Basi la kwenda Menengai, kilomita chache tu, lisipatikane. Na ule msemo wenu kwamba vifaa vya kujifunzia vitoke katika mazingira ya mtoto, majani, mawe, udongo, maboksi yaliyotupwa, nakusihi usirudiwe hadharani. Mwalimu mmoja kijana aliuchukua kwa uzito akawatoa watoto nje kwa vipindi viwili kuchunguza mchwa nyuma ya jiko la shule, wakarudi na maswali ambayo yeye mwenyewe hakuwa na majibu yake. Kikundi cha WhatsApp kilikaa kimya wiki nzima. Nilikula hasara.

Ikiwa hata hivyo Wizara itaamua siku moja kulipa kila kitu kwa wakati, na kutia alama kile ambacho mtoto amekifanya kwa mkono wake, hata kikiwa kimepinda, naomba notisi ya mwezi mmoja. Mashine ya lamineti hatimaye nilinunua, na nimeinunua kwa mkopo.

Wako mtiifu na mwenye shukrani,

Mwenye Duka,
Kiamunyi, Nakuru.

TANBIHI: Wizara ikihitaji nakala ya barua hii kwa faili lake, ya rangi ni shilingi 50 kwa ukurasa. Nyeusi na nyeupe ni 10, lakini hiyo itakaribia matarajio tu.