Chokoleti Yenye Dhamiri

Ujiji chokoleti hununuliwa ikiwa imeshayeyuka kwa joto la ziwa, na hakuna anayeuliza kakao yake imetoka shamba gani. Ulaya wanauliza. Sheria yao ya mwaka 2023 inataka kakao, kahawa na mawese vitajiwe shamba kwa latitudo na longitudo, tena shamba lisiwe limekata msitu baada ya Desemba 31, 2020. Lililo chini ya hekta 4 linatosheka na nukta moja.

Haya. Mzee wa Kalinzi mwenye mibuni yake, na mwenzake wa Kyela mwenye mikakao, wasimame katikati ya shamba, wanyooshe simu juu, wangoje setilaiti iwatambue.

Sheria ilikuwa ianze Desemba 2024. Ikaahirishwa mwaka mzima. Mwaka ulipokaribia kwisha, Brussels wakatangaza kwamba kompyuta zao zitaelemewa na mzigo. Poleni sana, wakubwa! Mzee ana simu yenye kioo kilichopasuka, anaichaji kwa jirani, na yuko tayari tangu juzi.

Ameuliza jambo moja tu: bei ya kilo nayo inajazwa kwenye fomu ipi? Hiyo, babu, hawakuiulizia.