Mjomba Waya Anajibu

*Mjomba, kompyuta yangu ya mezani imekufa baada ya miaka 11. Mke wangu anataka kumpa yule kijana wa vyuma chakavu anayepita na mizani. Humo ndani mna picha za harusi yetu, hesabu za duka, na barua chache za zamani ambazo hazikutoka kwa mke wangu. Nilishazifuta. Nimuachie?*
*Baba Mwenye Hofu, Temeke*

Baba, umefuta nini? Ukifuta faili, kompyuta inakata tu jina la mgeni kwenye daftari la mapokezi. Mgeni mwenyewe bado kalala chumba namba 7, na fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili atamgongea mlango. Hatoki mpaka chumba chake apewe mwingine.

Halafu kompyuta kufa si lazima diski nayo iwe imekufa. Ichomoe, itie kwenye kikasha cha USB chenye chaja yake, uichomeke kwenye kompyuta nzima. Nakili kwanza picha za harusi; barua zikionekana, picha hizo utazihitaji mno. Kisha tafuta programu ya kuandika sufuri diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Diski yako ni ya sahani zinazozunguka, mara moja yatosha. (Wenye SSD wasiige: hizo zina amri yake ya kujifuta.)

Na usikimbilie kutupa. James Howells wa Newport, Wales, diski yake iliishia jalalani mwaka 2013 ikiwa na ufunguo wa bitcoin 8,000 hivi. Kaomba miaka na miaka aruhusiwe kufukua. Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake. Wewe huna bitcoin, lakini hesabu za duka unazo, na mtu wa kodi hapokei jibu la "zimekwenda na mizani".

*Mjomba, mume wangu kaazima drili kwa jirani, kajifungia stoo. Nikimuuliza anatoboa nini, anasema siri za ofisi. Hana ofisi, ana duka.*
*Mama Mwenye Subira, Temeke*

Mama, mwache atoboe. Sahani zikishatobolewa, hakuna fundi wa mtaani atakayezisoma. Akimaliza, dai sumaku zilizomo ndani ya kile kiboksi. Ni kali ajabu, chunga vidole. Zitashika kalenda kwenye friji hadi wajukuu waje.

Ila picha za harusi, muulize kama alizinakili kabla. Usiniulize nimejuaje.