Kanga ya Marehemu Yaenda Harusini

Kwanza vigelegele vilikatika. Halafu dumbaki. Mwishowe hata watoto waliokuwa wakigombania ubuyu chini ya mwembe wakanyamaza, na watoto wa Ngamiani hawanyamazi kwa jambo dogo. Binti akadhani bibi harusi ametoka. Akageuka na yeye amwone, na kule kugeuka ndiko kulikommaliza, maana upande wa ua uliokuwa haujasoma nao ukasoma.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, shughuli ya hina, nyumba ya nne kutoka kwao, mjini Tanga. Wanawake wote walivaa sare, kanga ya kijani na nyeupe. Binti peke yake alivaa zambarau na njano. Si kwamba alikosa mchango wa sare. Arobaini ya mama yake ilikuwa imepita wiki moja tu, naye alikuwa ameapa kwamba shughuli ya kwanza atakayotokea ataivalia kanga ya mama, ile iliyolala chini kabisa ya sanduku, inayonukia udi mpaka leo. Aliona hiyo ndiyo heshima. Akajitazama kiooni kwa mbele, akapinda shingo akajitazama na kwa nyuma, akaridhika. Kioo, kwa bahati mbaya, hugeuza maandishi.

"Shoga, hebu nisomee, macho yangu haya," bibi mmoja mkekani akamwomba mwenziwe.

Mwenziwe akasoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Kuazima si aibu, aibu kutorejesha."

Kwingine maneno hayo yangepita kama nasaha. Ngamiani hayapiti. Kila mwanamke aliyevuka miaka hamsini pale uani alimjua aliyeazima, alichoazima na mwenye mali. Mtu pekee asiyejua ndiye aliyekuwa amejifunga maneno yenyewe kiunoni. Bi Jirani, mwenye shughuli yake, nyanya wa bibi harusi, alikuwa kando ya mafiga na mwiko mkononi akigeuza pilau. Pilau lilikuwa ndani ya sufuria kubwa la kilo kumi. Chini ya mkono wa sufuria hilo, pale masizi yasipofika, palikuwa na kidoa cha rangi nyekundu ya kucha.

Binti alikitazama kile kidoa. Alikijua. Sahani za kwao zina kidoa hichohicho, na mabakuli, na birika la msibani. Vyombo vya shughuli havikai nyumba moja. Leo viko hitimani barabara ya 12, kesho harusini barabara ya 15, na kila mama mwenye akili huviwekea alama kabla havijatoka mlangoni. Mwingine hufunga uzi, mwingine huchonga herufi kwa msumari. Mama yake alitumia rangi ya kucha, rangi ambayo binti hakuwahi kuiona kwenye kucha za mama hata siku moja.

Akatoka uani kinyumenyume. Ilikuwa njia pekee ya kutoka bila kusomwa tena, ila ilimpitisha kwenye beseni la kachumbari.

Asiyevaa kanga hudhani ni kitambaa chenye methali. Laiti ingekuwa hivyo. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyolala ndani ya kisanduku chembamba juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, pande mbili zilizoshikana, kila upande kama sentimita 150 kwa 110. Mnunuzi huzikata na kuzipinda mwenyewe. Upande mmoja huenda kiunoni, mwingine kichwani au mabegani. Sasa, ukiifunga kiunoni inavyofungwa na wajuao, jina huangukia nyuma, pale hasa macho ya watu yanapokwenda yenyewe. Huo ndio ufundi. Mvaaji hayaoni maneno yake. Anayepewa mgongo ndiye msomaji. Unapita mlangoni kwa mbaya wako, humtazami, humtukani, unapita tu kama mtu anayekwenda kununua chumvi, na barua imefika. Akikuuliza una maana gani, jibu lipo tayari: mimi nimependa rangi. Maneno yametungwa kiwandani, hukuyatunga wewe. Mjumbe wa nyumba kumi atakutia hatiani kwa kosa gani, la kununua nguo dukani?

Mtambo huu ulichukua muda kukamilika. Katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walivaa kaniki na merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, Marekani, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Kisha wakatokea wanawake wajanja wakaona leso za Kireno, vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa jora zima. Badala ya kuvikata kimoja kimoja, wakavikata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, vitambaa sita vikawa nguo moja. Mombasa hata leo watu husema leso. Wenye maduka hawakuchelewa kunusa faida, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa, na ya madoadoa ikafananishwa na ndege kanga, jina likaganda. Maneno yalikuja nyuma ya yote, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, bado linatajwa kwa alama yake, Mali ya Abdulla. Huku kwetu kulikuwa na Urafiki ya Dar es Salaam, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na mama wa binti huyu alikuwa akivuta kanga ya Urafiki kwa vidole viwili, anaikunjakunja, anaisikiliza, kisha anasema pamba hii haidanganyi. Akimaliza pamba ndipo husoma. Alisoma kwa kufuata kidole.

Kusoma kwenyewe alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru. Mwaka 1970 serikali iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakafunguliwa chini ya miti na kwenye majengo ya shule jioni. Serikali ilitaka watu wasome habari za kilimo bora na afya. Mama alikuwa na haja nyingine. Aling'amua kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akipishana na migongo ya wenziwe barabarani bila kujua kama anaombewa heri au anatukanwa, na kwamba bila shaka mara nyingine alikuwa ameitikia kwa tabasamu. Alikuwa wa kwanza kufika darasani na wa mwisho kutoka. Tangu hapo hakununua kisutu tena ila kwa harusi. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, kwa kawaida haina jina, na mama alisema ni kanga ya mtu asiye na la kusema.

Aliacha doti 43. Binti amezihesabu mara mbili. Jumba la British Museum, London, lina kanga pia, hata zile za Barack Obama, na wenye jumba wameziandikia maelezo: nguo gani, imetoka wapi, imesema nini. Hizi 43 hazina maelezo. Binti anajua kusoma kila neno la kila kanga na hajui hata moja ilikuwa inakwenda kwa nani. Ni kama kurithi sanduku la barua zisizo na anuani. Na mwenyewe alikuwapo, amelala chumba cha pili, miaka yote hiyo, angeulizwa tu. Binti alikuwa na simu mkononi.

Lakini si yeye peke yake asiyeuliza. Wiki ya pili ya msiba alikwenda ofisi moja kushughulikia cheti cha kifo. Karani alijaza fomu bila kuinua uso: jina, umri, dini. Alipofika penye kazi hakuuliza, akaandika: Hana. Binti akamwambia mama alikuwa na kazi. "Alikuwa ameajiriwa wapi?" Hakuwa ameajiriwa. "Basi hana," karani akasema, bila ubaya wowote, na hapo ndipo uchungu ulipo, bila ubaya wowote.

Hana. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku miaka ishirini na zaidi, akasaga mchele alioulowesha tangu jana, akaketi juu ya mbuzi akakuna nazi kwa mwanga wa koroboi, akachanganya hamira na hiliki, akangoja unga uumuke huku anasali, kisha akageuza vitumbua kimoja kimoja hadi jua lichomoze. Ada ya shule ya watoto wanne ilitoka kwenye kile kikaango cha vishimo saba. Mbuzi huyo binti amekataa asiguswe na mtu. Ndugu wamegawana redio, kitanda cha samadari na cherehani. Yeye akadai mbuzi, ambaye meno yake yameliwa na nazi mpaka yamekuwa mafupi kama ya mzee, na kila asubuhi huketi juu yake hata kama hana nazi ya kukuna. Hukaa tu pale mama alipokaa. Ukimkuta, usimcheke.

Jumapili, akiwa bado hajapata funzo, alimpa wifi yake doti moja iwe ukumbusho wa marehemu. Iliandikwa Mgeni Siku Mbili, na wifi yupo nyumbani kwa binti tangu msibani.

Jumatatu fundi bomba alisoma nyingine, akataka alipwe kabla ya kutoa bisibisi.

Jumanne jioni Bi Jirani akapiga hodi. Alikuja na kijana amebeba sufuria kichwani. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka linang'aa, kidoa chekundu kimeachwa palepale. Binti akamwamkia, akaanza kuomba radhi, kwamba hakujua, kwamba alipenda rangi. Alipojisikia ametamka neno lile akatamani ardhi ipasuke. Bi Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama yako naye alinijibu hivyo hivyo," akasema.

Akaketi, akaeleza. Ilikuwa mwaka aliokufa Mwalimu Nyerere, yaani 1999, kiasi cha mwezi kabla. Aliazima sufuria kwa akika, siku zikapita, mama akampitia mlangoni na ile zambarau na njano mara tatu kwa asubuhi moja. Bi Jirani akaenda sokoni siku ya Jumatano, akazunguka maduka yote mpaka akapata kanga ya kumjibu.

"Ijumaa baba yako akafa," akasema. "Ningemvalia nani, mwanangu?"

Kanga ya ugomvi haivaliwi mbele ya mwenye eda. Miezi minne na siku kumi mama alikaa ndani, na Bi Jirani ndiye aliyempelekea uji kila asubuhi. Alipotoka eda walikuwa wamekwisha kuwa mashoga wa kufa na kuzikana, na sufuria limebaki katikati yao kama mtu mzima asiyetambulishwa. "Nikilirudisha, nimekiri. Nisiporudisha, nimeiba. Nikaona bora nipikie tu." Mama naye aliikunja ile zambarau akaisukuma chini ya sanduku, na kwa miaka ishirini na kitu hakuna aliyelitaja. Mpaka Jumamosi, mbele ya ua mzima, marehemu alipotuma ukumbusho.

"Nilistuka," Bi Jirani akasema. "Nilisema, kumbe hata huko aliko bado anadai."

Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na haikujulikana ni kicheko au ni kile kingine. Akaaga. Binti akalitazama sufuria. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ndani mlikuwa na wali wa nazi uliofunikwa kwa sahani, na juu ya sahani mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko doti ya kanga, nyekundu na nyeusi, haijakatwa, haijapindwa, mikunjo ya dukani imegeuka kuwa mistari ya manjano. Jibu lenyewe. Safari hii aliikunjua yote mezani na kusoma kwanza, kwa kidole.

Nawe unacho cha kwangu, mbona mimi sikusema.

Alifungua kabati la vyombo. Sahani, kidoa chekundu. Mabakuli, kidoa chekundu. Birika, vikombe, chano, vyote vya kwao. Akakagua hata chini ya kikaango cha vitumbua. Akachoka, akavuta mbuzi aketi afikiri, na kwa kuwa taa ilikuwa sakafuni, kwa mara ya kwanza mwanga ukampiga mbuzi kutoka chini.

Kwenye mguu wa ndani pana herufi mbili zimechongwa kwa msumari. Si za mama.