Bado Mmoja Tu: Mwongozo kwa Mtumishi Mgeni wa Tumati

Hongera. Barua imetoka, umepangiwa kufundisha katika Kata ya Tumati, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Umeripoti kwa mkuu wa shule, umeoneshwa kitabu cha mahudhurio, na kwa kuwa wewe ni mtu wa mjini umeamua kupanga chumba Dongobesh, maana ulipopita pale uliona chipsi. Limebaki jambo dogo tu: usafiri wa kila asubuhi. Mwongozo huu umeandikwa na mtu ambaye naye aliwahi kusema hivyo hivyo, "jambo dogo tu".

Kwanza: funga ramani

Kwenye simu, Dongobesh na Tumati zimeachana kwa upana wa kidole gumba. Usipange maisha kwa kidole gumba. Simu imechora mstari, lakini haijui mstari huo unapandia wapi, unatelezea wapi, na ni mahali gani ng'ombe wa watu wamelala katikati yake wakicheua. Hizi ni nyanda za juu, nchi ya Wairaqw, na huku hata jirani yako anaweza kuwa ng'ambo ya bonde.

Kama umetoka Dar es Salaam utakuwa na ugonjwa wa kuuliza, "Njia ipi haina foleni?" Kule tangu mwaka 2016 kuna mwendokasi wenye barabara yake peke yake, na daladala zimepakwa mistari ya rangi na kuandikwa zinakotoka na zinakokwenda. Huku maandishi pekee utakayoyakuta juu ya kioo cha mbele ni "Mungu Hachelewi". Hayo ni kweli tupu. Hayamhusu dereva.

Ofisini walimu wenzako watakupa ushauri wa bure juu ya njia, lakini ukisikiliza vizuri utagundua wanazungumzia namna ya kutoka Mbulu kabisa. Mmoja atakuapia kwamba njia ni ya Karatu. Wa pili atasema ni kushuka Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani, kwani siku hizi kuna daraja na hakuna tena kukaa ukingoni kusubiri mto upungue. Wa tatu ni mtu wa Dareda, na hataki kusikia lolote. Wote watatu wamepanga nyumba nyuma ya shule na huja kazini kwa miguu.

Pili: jifunze maana ya "sasa hivi"

Umefika stendi saa kumi na mbili na robo. Konda anapiga bati la Noah kwa kiganja. "Mwalimu, panda, tunaondoka sasa hivi. Bado mmoja tu." (Usiulize amejuaje kuwa wewe ni mwalimu. Umebeba madaftari na unatazama saa.)

Unapanda. Ndani yupo bibi mwenye dumu la mafuta, kijana mwenye waya masikioni, na jamaa wa makamo aliyekaa kwa utulivu kama mwenye gari. Unahesabu siti, unaona hesabu haikubali, unanyamaza kwa adabu. Wanaingia wengine wanne. Hapo yule jamaa mtulivu anafungua mlango, anashuka, anakwenda kuketi kwenye Noah ya pili. Yule hakuwa abiria, alikuwa chambo. Kazi yake ni kukaa, aonekane, gari lisionekane tupu. Konda anapiga bati tena: "Bado mmoja tu!"

Kwa hiyo usisikilize maneno, soma dalili. "Sasa hivi" huku injini imezimwa ni saa nzima. "Sasa hivi" huku injini inanguruma ni nusu saa, wanachaji simu. "Sasa hivi" huku dereva hayupo inategemea supu. Mtafute kwa macho kwenye kibanda cha jirani. Bakuli likiwa bado linafuka moshi, nawe agiza chapati. Akianza kukamua ndimu, vumilia. Akinyanyuka kunawa mikono, kimbia, maana huyo hamsubiri mtu, wala wewe uliyemsubiri yeye.

Na hesabu ya siti? Noah iliundwa Japani kwa watu wanane, dereva akiwemo. Tangu 2019 tuna LATRA ya kusimamia usafiri wa nchi kavu, nayo inajua nane ni ngapi. Konda pia anajua: nane ni mwanzo.

Tatu: chagua siti kama unavyochagua mchumba

Siti ya mbele ina heshima, ndiyo maana hukaliwa na watu wawili. Wa dirishani ni mheshimiwa. Wa katikati ni sehemu ya mtambo: jiti la gia liko kati ya magoti yake, na kila dereva akitafuta gia ya pili inabidi waombane radhi. Mkishafika mtakuwa mmejuana kiasi cha kualikana harusi.

Siti ya kati ni ya amani hadi konda atoe kibao. Kibao ni kipande cha ubao kinacholazwa kati ya siti na siti, na mtu wa tisa anakikalia akiwa ameegemea magoti ya watu asiowajua. Mpokelee mzigo, hata kama ni kuku. Kuku akikutazama, mtazame.

Siti ya nyuma waachie vijana. Barabara ikianza mawimbi, aliyeko nyuma hupanda kabla ya gari na kushuka baada yake. Mei 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma, akidai lami ya barabara ya Mbulu hadi Haydom. Nchi nzima ilishangaa mtu mzima kupinduka miguu juu ndani ya suti. Abiria wa siti ya nyuma hawakushangaa. Waliona mwakilishi wao anaeleza safari yao bila kuongeza chumvi. Lami yenyewe huku huja kwa vipande kama nyama ya kilo: kilomita 25 kati ya Labay na Haydom, nyingine 25 kutoka Mbulu kuelekea Garbabi. Ukiwa kwenye kipande ambacho bado, kaza meno. Ulimi ni wako.

Nne: bodaboda, kwa mwenye haraka na bima

Siku utakayochoshwa na supu ya dereva utakwenda kijiwe cha bodaboda.

"Kaka, Tumati shilingi ngapi?"

Atatazama kwanza viatu vyako, kisha mawingu. "Ya kavu au ya tope?"

"Ya kavu."

"Haya, panda. Tukikuta tope tutaongea."

Mtakuta tope, na mtaongea. Mazungumzo hayo hufanyika katikati ya mteremko, pikipiki ikiwa imeelekea upande mmoja na nyinyi upande mwingine, na huo si wakati mzuri wa kupunguziwa bei.

Kofia ngumu ipo. Imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, na huvaliwa pale tu trafiki wanapoonekana. Ukiona mnasimama na binti mwenye begi anaombwa "asogee tu kidogo", jua mmeshakuwa mshikaki, na wewe uliye katikati ndiye kitunguu. Kuhusu baridi, Juni na Julai ukungu wa asubuhi huingia hadi kwenye mifupa ambayo ulikuwa hujui unayo. Ukimwona mzee wa Kiiraqw kajifunika mablanketi mawili saa nne asubuhi, usimcheke. Mwamkie, kisha muulize kayanunua wapi.

Tano: tembea na kalenda mbili

Kalenda ya ukutani itakuambia Jumatatu. Kalenda ya barabara inauliza mengine: leo ni mnada? Siku ya mnada mbuzi hupanda keria na binadamu hufuata masharti ya mbuzi. Vitunguu saumu vimeshavunwa? Mbulu ni nchi ya vitunguu saumu, na msimu ukifika utasafiri juu ya viroba vyake, uingie darasani unanukia mchuzi ambao bado haujapikwa. Kuna msiba? Noah zote zimekodiwa, na kwa kweli nawe ulipaswa kuwa msibani.

Kisha mvua. Vuli inakuonja, masika inakufundisha. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni ya mche, na dereva hufunga minyororo kwenye magurudumu. Gari likinasa wanaume hushuka kusukuma, na mwenye viatu vipya huwekwa nyuma ya gurudumu linalozunguka. Ni namna ya kumkaribisha. Wakati wa kupumzika mjadala huwa ni mmoja: tope hili ni la nani? Kama barabara ni ya mkoa, ni la TANROADS. Kama ni ya ndani, ni la TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Nimewahi kusikia hoja nzito kutoka pande zote mbili, watu wakiwa wamezama hadi vifundoni. Hukumu ikishatoka, gari husukumwa na mikono ile ile.

Ukiwa hapo nyuma ya gari, na uso umepigwa chapa ya tope, utasikia sauti za watoto. Ni wanafunzi wako. Wanakuja kwa miguu, sweta zimefungwa viunoni, wengine na fagio mkononi. Watasimama wote kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu!" Itikia. Kisha watapita, watapanda kilima, watatoweka. Ukifika utakuta uwanja umeshafagiliwa, na kwenye kitabu cha mahudhurio mkuu wa shule ameshapiga mstari mwekundu. Wewe saini chini yake. "Gari lilinasa" ni kweli, lakini ni kweli inayotumika mara moja kwa mwezi.

Sita: safari ya kurudi

Jioni mambo ni yale yale, ila bibi sasa ana dumu tupu. Nikupe kisa kimoja, kisha nikuache.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Noah ilikuwa na watu watano. Konda alikuwa amesimama mlangoni na hoja yake ya kila siku, bado mmoja, na dereva alikuwa kibandani. Akaja mama mmoja anatembea upesi, mtoto mgongoni, kanga imelowa jasho la homa. Alikuwa anatafuta gari la Dongobesh ili aunganishe kwenda Haydom, kwenye hospitali ya Walutheri ambayo watu wa huku wanaikimbilia tangu 1955. Konda hakupiga bati. Alifungua mlango wa mbele, akamwambia mheshimiwa wa dirishani, "Mzee, tupishe." Mzee alikuwa ameshashuka. Dereva alikuja anatafuna, bakuli limebaki mezani limejaa. Tukaondoka na siti tupu. Konda alipokusanya nauli, mkono wake uliruka siti ya mbele kana kwamba hakuna mtu.

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba lile gari linaweza kuondoka. Siku zote lilikuwa linaweza. Na nilijua kwa nini miezi yote ile nilipokuwa nawahi zamu sikuweza kulitoa stendi kwa kutazama saa: zamu yangu haikuwa homa ya mtu.

Mwisho: utajuaje umeshakuwa mwenyeji

Dalili ya kwanza, konda anakuomba umshikie chenji. Dalili ya pili, huulizi tena njia bora ni ipi, unauliza leo anaendesha nani.

Dalili ya tatu itakuja mwakani, ajira mpya zikishatoka. Utakuwa umekaa ndani ya Noah, siti ya dirishani, umetulia kama mwenye gari. Injini imezimwa. Kule kibandani dereva ndiyo kwanza ameletewa bakuli. Atatokea kijana mwenye madaftari kifuani, atatazama saa, atainama mlangoni.

"Samahani mwalimu, shikamoo. Gari hili linaondoka saa ngapi?"

Utamtazama viatu. Vipya.

"Marahaba. Sasa hivi," utamwambia, huku ukimsogezea kibao. "Panda tu. Bado mmoja."