Kwa Miguu hadi Koboko

Jumatatu. Nilipanga kuondoka Pajulu, hapa Arua, alfajiri. Mwenyeji wangu wa Koboko akapiga simu kusema nije na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, maana mtu anayefika kwa miguu na mzigo mgongoni huulizwa maswali mengi. Mwenyekiti alikuwa mazishini. Tulimngoja kwenye benchi, kila mtu na shida yake, hadi jioni. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka, hivyo muhuri ulitoka nusu.

Jumanne. Mvua ilianza kabla hapajakucha. West Nile tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, na Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi yake mikali. Arua iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya mvua baridi huingia mifupani. Nilivaa sweta mbili. Zote zililowa kabla sijatoka mjini.

Kwenye kila stendi ya bodaboda vijana waliniita. "Mzee, panda twende." Nikawaambia natembea. "Pesa imeisha?" Nilieleza mara kadhaa, nikachoka kueleza. Mama mwenye gunia la muhogo kichwani alinipita akienda upande huohuo, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nililala Ombaci. Ni hapa kwenye misheni, tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi walipoua watu waliokuja kutafuta hifadhi. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1980, vita vilipoingia, maelfu walikimbilia Kongo na Sudani kwa miguu, na watoto mgongoni, katika mvua kama hizi. Nilikuwa nimekusudia kulalamika kuhusu godoro. Sikulalamika.

Jumatano. Barabara hii ya lami, kutoka Vurra mpakani mwa Kongo hadi Oraba mpakani mwa Sudani Kusini, ina kilomita 92. Ni neema kubwa kwa biashara, nami naiheshimu. Lakini malori ya Juba hayapunguzi mwendo penye dimbwi. Moja lilinimwagia maji ya tope kuanzia kofia hadi viatu. Nilikuwa nimeanza kukauka.

Nyuma yangu walikuwa wanafunzi wenye sare nyeupe, nao walipata fungu lao. Wao hupita hapo kila siku ya shule. Wanaoishi kando ya barabara hii wengi hutembea, na kila honi inapolia wao ndio wanaoshuka kwenye majani. Watengewe njia yao, pana, iliyoinuliwa, yenye mfereji kando. Nimemwambia hivyo diwani niliyemkuta akijikinga mvua chini ya mwembe. Aliniuliza kama ninapiga kura kwake.

Alhamisi. Maracha. Pesa za simu hazikutoka kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Foleni ilifika barabarani, na paa la kibanda liliwatosha watu wanne wa mbele. Bibi mmoja aliniona natetemeka akasema, "Mwanangu, kaa karibu na moto." Akanipa ugali wa moto, enyasa, na mboga yenye simsim. Niliporudi, nafasi yangu kwenye foleni ilikuwa imekwenda.

Ijumaa. Koboko, baada ya kilomita kama 55 kutoka Arua. Barua haikuombwa na mtu yeyote.

Jumamosi. Nilikuja kwa ajili ya mlima Liru. Wazee wa Kilugbara husimulia habari za mashujaa wawili: Jaki, aliyefia Liru, na Dribidu, aliyefia Eti, mlima ambao ramani zinauita Wati, kule Terego. Nilitaka niende kwa miguu hadi kwenye simulizi hiyo, kwa kuwa wao pia hawakuwa na gari. Wingu lilifunika mlima mzima kutwa. Kijana wa kuniongoza alisema nije Januari, kiangazi. Januari kuna vumbi, na mlima hauonekani vizuri vilevile. Tumepatana tupande kesho baada ya ibada, mvua ikinyesha au isinyeshe.