Maji ya L190

Pale Kyamwilu, nje kidogo ya mji wa Machakos, maji hupanda mlima. Wageni husimamisha gari, humwaga chupa barabarani na kushangaa yakikimbilia juu. Wajuzi husema ni macho tu yanayodanganywa na jinsi vilima vilivyokaa. Mimi ninachojua ni kwamba maji hayo hayajawahi kupanda hadi kwenye mfereji wangu. Katika mji huu, basi, ndimo ninamofuga pleko, kambare mwenye deraya mgongoni na mdomo wa kunyonya, ambaye asili yake ni mito mikubwa ya Amerika Kusini.

Jamaa aliyeniuzia kule Nairobi alimsifu kuwa msafishaji. Atalamba vioo, alisema, wewe kazi yako ni kukaa na kunywa chai. Hakutaja kwamba mwenye kula usiku kucha huenda haja usiku kucha.

Pleko ni wengi mno, na wanasayansi huchelewa kuwapa majina. Kwa sababu hiyo, mwaka 1988 jarida la Kijerumani la DATZ lilianza kuwapa namba zinazotanguliwa na herufi L. Anayeotwa na kila mfugaji ni L46, mwenye milia ya punda milia, ambaye hupatikana Mto Xingu wa Brazil peke yake na ambaye biashara yake sasa inabanwa na sheria za kimataifa. Wangu ni L190, mwenye macho mekundu na meno ya umbo la kijiko. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna Mueni, kuna Mutua, na kuna L190.

Mchana haonekani. Wanachama wa chama cha mke wangu walipokuja kumtazama huyo samaki wa ng'ambo, walipanga viti mbele ya tangi wakakodolea macho gogo kwa muda wa kutosha wa adabu. Mwishowe mmoja akasema, "Mama Mueni, gogo lenu ni zuri."

Maji ndiyo kesi kubwa. Ya kisima cha jirani yana chumvi. Ya mfereji, siku yakija, yana klorini, na klorini huunguza matamvua ya samaki, hivyo sharti yalale kwenye beseni wazi hadi itoke. Tena pleko anataka abadilishiwe sehemu ya maji kila wiki, mfereji uwe na maji au usiwe nayo. Ukikauka, namwita kijana wa mkokoteni wa punda. Korido yetu imejaa beseni zenye karatasi: MAJI YA L190. USIOSHEE VYOMBO.

"Baba Mueni," mke wangu aliniuliza, "watoto wanaogea kikombe, na samaki anabadilishiwa maji kila Jumamosi?"

Nilikwenda kukagua hita. Mji wetu uko juu, takriban mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Julai ni baridi kali. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea, na tangi lilikuwa limefunikwa blanketi. Blanketi la mke wangu, nikaona sasa. Sikurudi sebuleni upesi.

Halafu kuna suala la mbao. L190 hutafuna magogo. Mtafiti mmoja Mmarekani, Donovan German, alichunguza matumbo ya samaki wa aina hii na mwaka 2009 akaeleza kwamba kuni hawazimeng'enyi: huingia na kutoka kwa muda usiofika saa nne. Nina kiwanda cha mbao kinachotoa unga wa msumeno tu.

Shemeji yangu ni mchongaji wa Wamunyu, kulikoanzia uchongaji wa Wakamba baada ya Mutisya Munge kurudi na ufundi huo kutoka Tanganyika, enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipolala kwetu tulimtandikia sebuleni. Saa nane usiku akasikia mtu akikereza kufuli kwa tupa. Akachukua panga, akasimama nyuma ya mlango na kupiga kelele, "Tumekuona!" Majirani wakafika na tochi na majembe. Kimya. Tulipokuwa tunawashukuru mlangoni, tupa ikaanza tena: krrr, krrr, kutoka tangini. Shemeji akamulika, akachuchumaa, akatazama kwa makini.

"Huyu ni fundi," akasema. "Shida yake ni moja, hamalizi kazi."

Jirani aliyekatizwa usingizi alishauri nimtupe kwenye bwawa la Maruba. Nilikataa. Binamu za huyu walitoroka kwa wafugaji huko Mexico, wakajaa katika bwawa la Infiernillo hadi wavuvi wa tilapia wakawa wanavuta nyavu zilizoraruliwa na miba. Pia huchimba mashimo kwenye kingo. Sisi maji tunayo kidogo tu, tusiyatoboe.

Gogo jipya lazima lichemshwe kwanza, litoe rangi. Nililipata la mpera, nikaliweka jikoni kwenye sufuria kubwa, nikaenda mjini. Niliporudi nilimkuta mama mkwe, aliyefika kutoka Mwala bila taarifa, akipuliza kikombe cha pili cha maji yaliyoiva rangi kama chai ya mkandaa.

"Mpera," alisema kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake. "Kumbe unajua dawa za wazee?"

Mke wangu alinikanyaga mguu. Jumapili mama aliondoka na dumu la lita tano. Juzi amepiga simu: dumu limeisha, goti la kushoto limepona, la kulia linataka dozi yake, na katibu wa kikundi chao cha kanisa anaumwa mgongo. Leo asubuhi nimepita korido nikakuta beseni moja ina karatasi mpya, kwa mwandiko wa mke wangu: MAJI YA MAMA. USIWEKEE SAMAKI.