Heko, Saa ya Kurudisha Gari la Kukodi

Nitamke mapema ili wenye mbuga zao wanune mapema: katika ukanda wote wa kaskazini, Serengeti na Ngorongoro zikiwemo, hakuna kivutio kinachoifikia saa ya kurudisha gari la kukodi pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Simba anaweza asionekane siku nzima. Kilimanjaro wenyewe hujifunika mawingu ukitaka. Lakini yule kijana mwenye fomu, aliyesimama kwenye maegesho ya uwanja wa ndege akilisubiri gari la tajiri wake, huyo hakosekani.

Wasio na shukrani huiita saa hiyo kero. Likizo imekwisha, wanasema, ndege haingoji, na bado mtu anakuchelewesha kwa mkwaruzo wa unene wa unywele. Mimi nasema hiyo ndiyo saa pekee katika likizo nzima ambapo mtu mzima huambiwa ukweli, tena kwa maandishi.

Msifiaji mwenye adabu huanza na nasaba, nami sitaruka. Magari ya kukodi yalikuwepo zamani. Kule Chicago, Walter Jacobs alikuwa akikodisha Ford Model T tangu 1918. Ila ilikuwa biashara ya mjini. Aliyeileta uwanjani ni Warren Avis, ofisa wa jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambaye alichoka kutua mahali na kukosa usafiri wa kumtoa hapo. Mwaka 1946 akaanzisha biashara yake katika uwanja wa Willow Run, karibu na Detroit, pembeni mwa kiwanda ambamo kampuni ya Ford ilikuwa imeunda ndege za mabomu aina ya B-24. Dunia humsifu kwa kumpa abiria gari pale anaposhuka. Hakuna anayemshukuru kwa zawadi iliyo kubwa zaidi, yaani kumlazimisha alirudishe palepale, jasho likimtoka na jicho moja likiwa kwenye saa. Ibilisi mwenyewe asingechagua wakati mbaya zaidi wa kukagua bampa, na ndiyo maana bampa hukaguliwa vizuri.

Waliojenga KIA nao wanastahili pongezi. Uwanja huo, uliofunguliwa 1971 kwenye tambarare ya Hai, haupo Arusha wala haupo Moshi. Anayetoka Arusha ana takriban kilomita 50 za kutubu. Njia nne zinazoanzia Sakina huishia Tengeru, na kuanzia hapo tabia ya dereva hubadilika. Wiki iliyopita mtu huyuhuyu alipita Usa River akidhani vibao vya 50 viliwekwa kwa ajili ya mikokoteni. Leo, Maji ya Chai anakwenda 48. Kikatiti anakwenda 45 na kumpungia mkono trafiki ambaye hata hakumsimamisha. Amekumbuka kwamba tochi ikikupiga, faini haimfuati dereva bali namba ya gari. Na namba ya gari, kijana wa fomu ataibofya kwenye simu yake mbele yako, kimya, huku wewe ukijifanya unatazama mlima. Semina zote za usalama barabarani hazijawahi kumpata mwanafunzi msikivu namna hii.

Halafu kuna sheli ya mwisho kabla ya njia panda. Masharti ni kwamba gari ulilopewa likiwa limejaa lirudi likiwa limejaa. Basi mtu ambaye nyumbani kwake huweka mafuta ya elfu kumi na kuomba yamfikishe Ijumaa, leo anamwambia mhudumu wa pampu, "Jaza, mdogo wangu, mpaka yaonekane." Pampu ikijizima anaomba iongezwe. Analitikisa gari ili mafuta yashuke. Nani mwingine katika nchi hii anawahangaikia kiasi hicho watakaokuja nyuma yake?

Lakini utukufu kamili wa jambo hili hauonekani kwa watalii. Mtalii hana wa kumficha. Ungoje mwanzo wa Januari, wakati wana wa Kilimanjaro waliokuja Krismasi kutoka ughaibuni wanaporudi walikotoka. Kila Desemba Wachaga hurudi nyumbani, hilo halihitaji mtangazaji, na anayeshukia KIA akitoka ng'ambo hawezi kupanda Marangu au Machame kwa bodaboda huku shangazi wamesimama mgombani wakingoja kuona maisha yamekwendaje huko. Anakodi gari. Tena la juu, lenye matairi ya kupandia mlima. Akifika, hadanganyi mtu, anaulizwa tu, "Hili nalo umelinunua lini?" naye anacheka kwa staha na kubadilisha mazungumzo. Kufikia siku ya pili gari limeshakuwa la ukoo. Linakwenda kanisani, linabeba viti vya ubatizo, linampeleka bibi hospitali, na jioni linarudi na ndoo mbili za mbege na mbuzi mmoja nyuma.

Sasa mtazame mwenye gari hilo akiliingiza kwenye maegesho ya KIA, akiwa na mjomba aliyesisitiza kumsindikiza. Hapo ndipo mjomba anapomwona kijana asiyemjua akinyoosha mkono kupokea ufunguo.

"Shikamoo, mzee. Safari ilikuwaje?" anasalimu kijana, na kabla ya kujibiwa "marahaba" kiganja chake kimeshalala juu ya mlango. Analizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akipapasa, akiinama, akirudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa. Mkononi ana ile karatasi yenye mchoro wa gari lililolazwa kwa pande zake zote, na misalaba midogo kuonyesha majeraha ya zamani. Anawasha tochi ya simu. Anafungua nyuma, anahesabu jeki, spana ya magurudumu, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Kisha anavuta pumzi kwa pua.

"Mzee, humu alikaa mbuzi?"

"Alikaa kidogo tu, mwanangu."

Nawauliza wahubiri wote: ni ungamo gani la mwaka mzima lililopatikana kwa maneno machache hivyo? Mtu aliyekuwa tajiri tangu wiki ya Krismasi amekuwa mpangaji mbele ya mjomba wake, na bado anasema ukweli, kwa sababu harufu imeshasema. Mjomba naye anapata faida. Ile orodha ya karo na mabati aliyokuwa akiitunga tangu Himo inajifuta yenyewe, na wawili hao wanaagana kwa upendo usio na hesabu.

Ninavyowaza mambo hayo, huwa naonea huruma taasisi zetu zisizo na maegesho ya namna hii. Ofisi ya umma ikikabidhiwa kwa mkubwa mpya, watu hupeana faili, hushikana mikono, hupiga picha. Hakuna anayepiga magoti kuchungulia uvunguni. Ni kweli tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayowataka viongozi wapeleke matamko ya mali na madeni yao kila mwaka kabla mwaka haujaisha, na tena wanapoacha madaraka. Sheria nzuri. Ila kiongozi hujaza fomu mwenyewe, na ukimwachia aliyekodi gari ajaze mchoro wake mwenyewe, hutaona msalaba hata mmoja. Napendekeza yule kijana wa KIA aazimwe serikalini kwa miezi sita, na tochi yake ya simu, na pua yake. Tumwanzishie kwenye yadi za magari ya serikali, yale ambayo nayo, nasikia, hubeba mbuzi.

Sitapita dhamana bila kuisemea neno. Wapo wanaolalamika kwamba fedha waliyoacha wakati wa kuchukua gari hairudi siku hiyohiyo. "Itaingia," kijana anakuambia, wala hakwambii lini. Ndugu zangu, hilo ni fundisho la imani, na limetolewa bure. Unapanda ndege ukiwa na salio pungufu na tumaini kamili, na kwa mara ya kwanza unafungua ujumbe wa benki kwa unyenyekevu.

Kwa hiyo wewe unayerudisha gari KIA mwezi huu, usimwonee kinyongo kijana wa watu. Fika mapema, mpe maji ya kunywa, maana amesimama juani tangu asubuhi. Mkwaruzo uliokuwepo tangu mwanzo uonyeshe kwenye picha ulizopiga siku ya kuchukua. Kama hukupiga, lipa na usipaze sauti. Mbuzi mtaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Na ile fomu ina nafasi ya saini mbili: usiingie kwenye ukaguzi wa abiria kabla hujaiona ya pili.